Mbavu za Mbwa za Chuma: Ukuta wa Jipsamu Una Nini Ndani?

Neno "volkano" halikuwemo kwenye imla yangu. Nilikuwa TP, wiki ya pili, nafundisha Kiswahili Kidato cha Pili, na nilikuwa nimeandaa maneno kumi na tano yanayowasumbua wengi: dhoruba, thamani, ghala, mlolongo na mengine ya aina hiyo. Nilisoma kila neno mara mbili, polepole, nimesimama mbele ya ubao kama tulivyoelekezwa. Jioni nikisahihisha madaftari nikakuta wanafunzi wanne wa safu ya nyuma wameandika "volkano" mahali pa "dhoruba". Nikawawekea kosa wote wanne.

Kesho yake binti mmoja kati yao akanifuata na daftari lake. "Samahani mwalimu, mimi niliandika nilichosikia."

Nilitaka kumjibu, nikanyamaza. Saa ile ya imla, upande wa pili wa ukuta, mwalimu wa Jiografia alikuwa anafundisha milima ya volkano. Wale wanne wanakaa hatua moja kutoka kwenye ukuta ule, na hatua nane kutoka kwangu. Masikio yao ni mazima kabisa, ila sauti iliyowafikia kwa nguvu ilikuwa ya darasa jingine. Kwa hiyo mimi, mwalimu mtarajiwa, nilikuwa nimehesabu kosa la ukuta kuwa kosa la mtoto.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba ukuta wa namna ile naujua. Likizo ndefu iliyotangulia, bumu lilipokata, nilikwenda Dar es Salaam kufanya kazi ya saidia fundi kwa mjomba wangu, naye kazi yake ndiyo hiyo: kuta na dari za jipsamu zinazoshikwa na fremu nyepesi za chuma. Nilikaa naye miezi miwili na nusu. Nimebeba mbao za jipsamu hadi bega likachubuka, na nimekosea mara nyingi kuliko nilivyopatia.

Naandika haya kwa sababu wengi wetu tutakwenda kufundisha, na baadaye kusimamia shule, ndani ya majengo yaliyogawanywa kwa kuta hizi. Wengine mnalala ndani yake sasa hivi, kwenye zile geto za mtaani ambazo chumba kimoja kimezaa vitatu. Ukuta huu ukishapakwa rangi wote unafanana, mzuri na mbaya. Tofauti iko ndani, na ndani hakuna anayetuonyesha.

Nyumba ya bibi

Siku ya kwanza kazini sikuelewa chochote. Mjomba akaniuliza (sisi tunaitana mjomba kwa mjomba), "Mjomba, unaikumbuka nyumba ya bibi kule Muheza?"

Naikumbuka. Nguzo za miti zimechimbiwa ardhini, fito zimefungwa kwa kamba kukatiza nguzo, kisha udongo umekandikwa ndani na nje. Kabla ya kukandika, nyumba inaonekana mifupa mitupu, na ndiyo maana nyumba za miti na udongo watu wanaziita mbavu za mbwa.

"Basi na hii ni mbavu za mbwa," akasema. "Miti imekuwa chuma, udongo umekuwa jipsamu. Ukishajua hivyo umemaliza nusu ya kazi."

Sikumwamini, ila alikuwa sahihi. Ukuta wa tofali ni mzito na umejaa, hauna mifupa wala ngozi. Ukuta wa jipsamu una mifupa, una ngozi pande mbili, na katikati una hewa. Tofauti moja kubwa na nyumba ya bibi ni kwamba nguzo za bibi zilibeba paa, ila huu wa ndani haubebi jengo. Unajibeba wenyewe tu, pamoja na vile utakavyotundika. Ukiuondoa, jengo linabaki limesimama.

Mifupa yenyewe ni ya aina mbili. Cha kwanza ni traki, chuma chembamba chenye umbo la herufi U, kinacholazwa sakafuni na kingine juu. Cha pili ni stadi, inayosimama wima kati ya traki hizo mbili. Naomba niungame hapa. Siku ya kwanza fundi aliponiambia "Ticha, lete stadi," nilibaki nimesimama. Kwetu kitivo cha elimu stadi ni kusoma, kuandika na kuhesabu. Kumbe alitaka chuma cha mita tatu kilichoegemezwa nyuma yangu. Walinicheka wiki nzima.

Karatasi inayosimama

Jambo lililonishangaza ni wembamba wa chuma chenyewe. Bati la stadi za kawaida lina unene wa kama nusu milimita. Ukikata kipande bapa unaweza kukikunja kwa vidole. Sasa kinasimamishaje ukuta?

Mwalimu mwenzangu, jaribio hili unaweza kulifanya darasani bila gharama. Chukua karatasi ya daftari, ilaze juu ya vitabu viwili vilivyoachana kidogo. Inalegea katikati na kudondoka. Sasa kunja kingo zake mbili ndefu kuelekea juu, iwe kama mfereji, uirudishe palepale. Inanyooka, na kalamu juu yake inakaa. Karatasi ni ileile na uzito ni uleule, kilichobadilika ni umbo. Kingo zilizosimama zinaifanya iwe ngumu kupinda.

Kiwandani wanafanya hivyohivyo. Bati linaingia kutoka kwenye roli kubwa, linapita kati ya magurudumu yanayolikunja kidogokidogo likiwa baridi, linatoka likiwa na umbo la C. Ndiyo maana stadi iliyobonyea ubavuni au iliyokanyagwa hairudi kuwa ileile hata ukiinyoosha kwa nyundo. Nguvu yake ilikuwa kwenye mkunjo. Mjomba akiona stadi iliyopinda anaikata vipande vidogo vya kazi nyingine.

Lile bati limepakwa zinki, kwa sababu chuma kitupu kwenye hewa ya pwani hakidumu. Zinki inafanya kazi mbili. Kwanza inafunika. Pili, hata ukiikwaruza, kwenye unyevu zinki inaliwa kwanza na kukiachia chuma kilicho jirani. Kwenye baadhi ya bidhaa utaona alama Z275, maana yake gramu 275 za zinki kwa kila mita ya mraba, ukijumlisha pande zote mbili za bati. Chuma cha bei ya kutupa mara nyingi kimepunjwa kwenye unene au kwenye zinki, na vyote viwili ukivitazama kwa haraka huvioni.

Sentimita sitini

Kama kuna namba moja ya kukumbuka kwenye makala hii, ni sentimita 60. Ubao wa kawaida wa jipsamu una upana wa sentimita 120 na urefu wa sentimita 240. Stadi zikikaa kila sentimita 60, kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine, kila ubao unapata stadi kwenye kingo zake mbili na moja katikati. Mahali pa kubeba zaidi, au pa kugongwagongwa kama korido ya shule, zinasogezwa hadi sentimita 40. Nayo inaingia vizuri kwenye 120, mara tatu.

Utaratibu wa kazi ni huu. Unapiga mstari sakafuni kwa uzi wenye unga wa rangi. Unaupandisha mstari huohuo juu kwa timazi au kwa leza. Unafunga traki ya chini na ya juu kwa skrubu na plagi za plastiki, au kwa misumari ya zege. Unakata stadi fupi kidogo kuliko kimo, kama milimita 5 hadi 10, ili jengo likicheza lisizibane. Unazisimamisha zote zikiangalia upande mmoja. Unapigilia ubao upande wa kwanza, unapitisha nyaya za umeme, unajaza pamba ya kuzuia sauti kama ipo, ndipo unafunga upande wa pili. Maungio ya upande mmoja hayatakiwi kukutana kwenye stadi moja na maungio ya upande wa pili.

Skrubu nazo zina adabu yake. Kichwa kinazama kidogo tu, kinabonyeza karatasi ya ubao bila kuichana. Ikichanika, skrubu inakuwa imeshika unga mtupu. Na ubao hauketi sakafuni, unainuliwa kama sentimita moja, maana mtu atadeki na jipsamu inanyonya maji kama mkate kwenye chai. Ule mwanya unafunikwa na ubao wa chini wa ukuta.

Mtu akitaka kubana matumizi anaanzia wapi? Kwenye stadi ya katikati. Stadi za kingoni lazima ziwepo, la sivyo ubao hauna pa kushikwa. Ila ile ya kati ukiiruka, ubao utasimama, utapakwa rangi, na mwenye nyumba atalipa. Ukuta utaanza kubonyea pale watoto watakapoanza kuuegemea.

Kilo mia mbili juu ya kichwa

Dari ni ukuta uliolala, ila mzaha wake ni mdogo zaidi. Pembeni mwa chumba kunazungushwa engo, chuma chenye pembe. Juu kunaning'inizwa chaneli kubwa, kila mita 1 hadi 1.2. Chini ya chaneli, zikizikatiza, zinafungwa faringi kila sentimita 40 hadi 60, na ubao unapigiliwa kwenye faringi. Vyote vinaning'inia kwa vipande vya chuma au waya vilivyofungwa kwenye zege au kwenye kenchi za paa.

Tufanye hesabu. Ubao pamoja na fremu yake tuseme kilo 10 kwa mita ya mraba. Chumba cha mita 4 kwa 5 kina mita za mraba 20. Hizo ni kilo 200 juu ya vichwa vya watu. Vining'inizo vikiwa vimepangwa vizuri, kila kimoja kinabeba kama kilo 12, uzito wa ndoo ndogo ya maji. Si mzigo mkubwa. Shida ni kimoja kikiachia: ndoo yake wanagawana majirani, na kama majirani nao walifungwa na mtu yuleyule kwa namna ileile, wanafuata.

Mtu huyo nusura niwe mimi. Wiki ya tano nilipewa kufunga vining'inizo kwenye kenchi za mbao. Ilikuwa jioni, mkono umechoka, nikaona kazi itakwenda haraka nikipiga msumari mmoja kutoka chini kwenda juu kwenye kila kipande. Nilifunga kumi na viwili. Mjomba akaja, hakusema neno. Akashika kimoja kwa mkono mmoja, akavuta chini. Msumari ukatoka kama jino bovu.

"Mjomba, msumari unaupiga uelekee wapi?"

"Juu."

"Na mzigo unavuta kwenda wapi?"

"Chini."

"Kwa hiyo umeuonyesha njia ya kutokea."

Kisha akanionyesha: kipande kinakunjwa kipande ubavuni mwa kenchi, na skrubu mbili zinaingia kwa ubavu. Hapo mzigo ukivuta chini, unataka kuikata skrubu katikati au kuichana mbao, na vyote hivyo ni vigumu. Kuichomoa hauwezi, kwa sababu hauvuti kwenye mstari wake. Nilirudia vyote kumi na viwili kwa mwanga wa simu. Chumba kile ni cha kulala watoto.

Kwa sababu hiyohiyo feni ya dari haifungwi kwenye faringi hata siku moja. Feni inazunguka, inatikisa, na skrubu zinalegea kidogokidogo. Inafungwa kwenye zege au kwenye kenchi, na dari inatobolewa tu ipite. Ukihamia chumba chenye dari ya jipsamu na feni, uliza imeshikwa na nini kabla hujaweka kitanda chini yake.

Moto na maji

Jipsamu kwa Kiswahili chetu ni jasi. Wa Jiografia tunaijua: inachimbwa Makanya kule Same, inachimbwa Itigi mkoani Singida, na Kilwa mkoani Lindi. Viwanda vya saruji vinaihitaji, maana saruji bila jasi inaganda haraka mno. Wazo la kuifanya ubao kwa kuitandaza kati ya karatasi ni la zamani kuliko tunavyodhani: Augustine Sackett alipata hataza yake Marekani mwaka 1894.

Watu wa Kemia watakwambia kuwa kila molekuli ya kalsiamu salfeti ndani ya jasi imeshikana na molekuli mbili za maji. Ukipiga hesabu ya uzito, maji hayo ni kama asilimia 21. Yaani ubao wa kilo 9 umekaa mkavu mkononi mwako, na ndani yake kuna maji yanayokaribia kilo mbili. Moto ukiupiga, joto linatumika kwanza kuyatoa maji hayo kama mvuke, na kwa muda huo upande wa pili wa ubao haupandi joto sana. Hapo ndipo ngozi inapoilinda mifupa, kwa sababu chuma hakiungui ila kinalegea: kikifika karibu nyuzi 600 za Selsiasi kimepoteza takribani nusu ya nguvu zake, na chuma cha nusu milimita hakichelewi kufika huko. Ila ulinzi huo una sharti. Tundu la waya lisilozibwa, ungio lisilojazwa, vyote ni milango ya moto.

Maji ya nje ni habari nyingine. Ubao wa kawaida ukilowa unalegea na kuwa mzito kwa wakati mmoja. Paa likivuja, doa la rangi ya chai kwenye dari lisiwe la kupakwa rangi tu. Panda juu utafute tundu, na uangalie kama fremu imeanza kutu kwenye ncha zilizokatwa. Kwa bafuni kuna ubao wake unaostahimili unyevu, mara nyingi wa rangi ya kijani.

Rudi kwenye imla

Sasa turudi darasani. Jumamosi moja, kwa ruhusa ya mwalimu mlezi wangu, nilipanda juu ya meza. Dari ya pale ni ya vigae vya sentimita 60 kwa 60 vilivyolazwa kwenye fremu nyepesi ya chuma inayoning'inia, kwa hiyo kigae kinanyanyuliwa kwa mkono. Nikanyanyua kimoja karibu na ukuta, nikamulika kwa simu.

Ukuta ulikuwa umeishia palepale kwenye dari. Juu yake hapakuwa na kitu, uwazi mtupu hadi kwenye mabati, kutoka darasa letu hadi la jirani. Mwalimu wa Jiografia akisema "volkano", neno linapanda kupitia vigae vyepesi, linavuka juu ya ukuta, linashuka upande wetu. Ukuta wenyewe halikuugusa.

Kuna hesabu moja ya sauti ambayo naona kila anayejenga darasa angebandikiwa ofisini. Tundu likiwa asilimia 1 tu ya eneo la ukuta, basi hata ukuta uwe wa aina gani, upunguzaji wa sauti hautavuka desibeli 20. Ukuta wetu una urefu wa mita 8 na kimo cha mita 3, yaani mita za mraba 24. Asilimia 1 yake ni ufa wa sentimita 3 unaotambaa urefu wote wa ukuta. Sentimita tatu! Sisi juu tulikuwa na uwazi mkubwa kuliko huo mara nyingi, uliofunikwa na vigae tu.

Mtu atasema, si wangejenga tofali tu? Hapana, na hapa tuwatendee haki. Ule ulikuwa ukumbi wa ghorofani. Ukuta wa tofali za saruji wa unene wa sentimita 15 unakaribia kilo 300 kwa kila mita ya mraba kabla ya plasta. Wa jipsamu wenye ubao mmoja kila upande ni kama kilo 20. Kuweka tofali juu ya zege ambalo halikupangiwa mzigo huo ni kutafuta balaa. Kuchagua fremu nyepesi kulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kuishia njiani. Fremu ilitakiwa ipande hadi juu kabisa, ijazwe pamba ndani, na kingo zote zizibwe kwa gundi laini isiyopasuka.

Nilimpigia mjomba. Akasema inawezekana kuendeleza kutoka juu ya ukuta uliopo: stadi fupi, ubao pande mbili, pamba, kuziba. Nikaandika kwenye karatasi moja, na mwalimu mlezi akaipeleka kwa mkuu wa shule. Mkuu akaipokea vizuri, akasema itaingia kwenye bajeti ijayo. Ila imla ilikuwa wiki inayofuata.

Ndipo nikafikiria mpangilio wa madarasa yenyewe. Ubao wetu ulikuwa mwisho kabisa, mbali na ukuta wa jipsamu. Mimi nikifundisha nautazama ukuta ule. Mwalimu jirani naye ubao wake uko mwisho wa kwake, naye anautazama. Yaani walimu wawili tunaupigia kelele ukuta mmoja, na watoto wa karibu nao ndio walio mbali zaidi na mwalimu wao. Tukigeuza madarasa yote mawili, kila mwalimu akaupa ukuta mgongo, sauti zinaelekea mbali nao, na wale wa safu ya nyuma wanakuwa wa mbele.

Tatizo likawa kutundika ubao wa kuandikia kwenye ukuta wa jipsamu. Fundi seremala wa shule alikuwa na mbao mbili za plaiwudi zilizopakwa rangi nyeusi, za mita 2.4 kwa 1.2, na moja ni kama kilo 20. Ukizipiga kwenye jipsamu tupu zitakuja na kipande cha ukuta. Lazima skrubu zipate stadi. Nikachukua sumaku ya spika mbovu, nikaitembeza ukutani. Inanasa kwenye vichwa vya skrubu vilivyojificha chini ya rangi. Nikaweka alama kwa chaki: 60, 60, 60. Kisha ikakaa kimya. Nikasogea, nikasogea, hadi 120 ndipo ikanasa tena. Nikasukuma pale kwa kiganja, ukuta ukabonyea. Stadi ya katikati haikuwepo. Ubao tukausogeza upande wenye mifupa kamili, ukashika stadi tano. Wa darasa la pili tukaufanyia hivyohivyo.

Uliza kabla hawajafunika

Siku utakapokuwa mkuu wa shule, mjumbe wa kamati ya ujenzi, au mpangaji tu, fika mapema. Fremu ikiwa imesimama na ubao haujafunga, chukua futi upime: sentimita 60 au pungufu, bila kuruka. Uliza ukuta unaishia wapi juu. Tazama vining'inizo vya dari, skrubu zimeingia kwa ubavu au kwa chini. Uliza feni itashikwa na nini. Fundi mzuri hakasiriki, mjomba huwa anafurahi kabisa mteja akipanda ngazi. Piga picha za fremu kabla haijafunikwa, uziweke. Na kama umechelewa, ukuta umeshapakwa rangi, bado una kiganja, una sumaku, na una meza ya kupandia.

Kelele hazikuisha zote, maana uwazi wa juu bado upo. Zilipungua kiasi cha kufundisha. Imla niliirudia kwa darasa zima, maneno mengine kumi na tano. Yule binti sasa alikuwa amekaa safu ya mbele. Alipata 13. Yale mawili aliyokosa niliyasahihisha kwa amani, kwa sababu safari hii makosa yalikuwa yake mwenyewe.